Mama Nukta na Pua ya Marehemu

Kama uliwahi kutaka jina la duka lako likatwe kwenye ubao, ukauliza huku na huku, ukaambiwa "mpelekee yule mama," basi yule mama ndiye huyu. Jina alilopewa na wazazi wake lipo kwenye kitambulisho, limetulia humo. Kazini walimwita Mama Nukta, kwa sababu ya ubahili wake, na ubahili wenyewe haukuwa wa fedha wala wa sukari kwenye chai. Ulikuwa wa nukta.

Karakana ilikuwa na vyumba viwili, imebanwa kati ya kinyozi na duka la dawa. Chumba cha mbele kilikuwa na kaunta ya kioo, kompyuta mbili na feni iliyotikisa kichwa kama mtu asiyekubaliana na jambo lolote. Chumba cha nyuma kilikuwa cha mashine ya kukatia: meza pana ya chuma, na juu yake keekee nyembamba iliyozunguka na kutembea, ikikata mbao, plastiki, kadibodi, chochote ulichoilaza. Mwenye karakana, mume wa mdogo wake Mama Nukta, ndiye aliyeiendesha. Alikuwa na vumbi la mbao kwenye nyusi kuanzia asubuhi mpaka jioni, na waliitana shemeji kwa sauti ya juu kupitia mlango uliokuwa katikati.

Sasa, mashine ile haijui picha. Ukiipa picha ya farasi, inakutazama tu. Inachokijua ni mstari: anzia hapa, pinda hivi, ishia pale. Kwa hiyo kazi ya chumba cha mbele ni kuitoa sura ndani ya picha na kuifanya mstari. Kwanza unakizungushia kitu unachokitaka, na kompyuta inakizingira kwa vistari vidogo vyeusi na vyeupe vinavyotembea pembezoni mwake. Vinatembea, vinatembea, wala havifiki. Karakanani waliviita siafu. Siafu ni hodari wa kuzingira, lakini njia yao imejengwa kwa vidoti vya mraba, na ukiikuza inakuwa ngazi. Ndipo unapowageuza siafu kuwa kile walichokiita uzi: mstari mwororo ulioshikiliwa na nukta, na kila nukta ina masharubu mawili. Vuta sharubu, na mstari unainama upande huo. Uzi ukiukuza hata ujae ukuta haupasuki.

Kipo kitufe cha kugeuza siafu kuwa uzi, na kingine cha kuurudisha uzi kuwa siafu. Shemeji alikipenda sana kile cha kwanza. Alikibonyeza na kuondoka zake. Lakini kitufe hakina macho. Humwaga nukta kama mtu aliyejikwaa kwenye kikapu cha dengu, mia hapa, mia pale, na mashine, kwa utiifu wake, huifuata kila moja. Ukingo wa mbao hutoka umetafunwatafunwa, kama mkate uliolala chumba kimoja na panya.

Mama Nukta alizifuta nukta hizo moja baada ya nyingine, mpaka zikabaki zile ambazo ukiiondoa moja tu umbo linaanguka. Sikio la sungura alilimaliza kwa nukta tatu. Chupa ya dawa kwa sita. Alikuwa akiugeuza uzi kuwa siafu tena, akaijaza sura rangi, akaitazama, kisha akarudi kwenye uzi, kama fundi nguo anavyoipindua blauzi ndani nje ili aone mshono unasemaje.

Na mfano huo si wa kubuni. Kabla ya hapo alikuwa mkata ruwaza katika kiwanda cha nguo, miaka kumi na tisa, mkasi mkubwa mkononi na chaki nyuma ya sikio. Kwapa la shati, yaani ule mviringo ambapo mkono unashonewa bega, alilikata bila kulichora. Kiwanda kilipofungwa, shemeji yake alimwambia aje akae karakanani, apokee wateja, afagie kidogo. Siku moja shemeji alikuwa anahangaika na kichwa cha farasi kwenye skrini, jasho linamtoka, naye akasimama nyuma yake na ufagio.

"Shemeji, mbona umejaza pini hivyo? Hiyo nguo haitakaa."

"Nguo gani? Hii ni kompyuta."

"Hata kama. Pindo lenyewe linataka pini mbili. Hizo nyingine zinaligombeza tu."

"Haya, keti wewe basi, profesa."

Akaketi. Huu ni mwaka wa nane, hajainuka.

Mzee ambaye karakanani walikuja kumwita Mzee wa Simu aliingia asubuhi ya Jumanne, ameshika kiwiko cha binti yake, fimbo nyeupe imekunjwa na kutiwa kwapani. Alikuwa mrefu, mwembamba, shati limefungwa mpaka kifungo cha shingoni. Alisimama katikati ya chumba akageuza uso kuelekea mlango wa nyuma.

"Shikamoo, mzee," Mama Nukta akasema.

"Marahaba. Hapo ndani kuna beringi inalia."

Shemeji akatoa kichwa mlangoni, nyusi nyeupe kwa vumbi. "Inalia kweli! Nani kakwambia, mzee?"

"Yenyewe. Miaka thelathini na moja nimepokea simu za hospitali. Nimesikia watu wakidanganya kwenye waya mchana kutwa. Nitashindwa na beringi?"

Wakacheka. Binti, mwanamke wa makamo mwenye mkoba mkubwa, akamtafutia kiti. Mzee akaketi, akaupapasa ukingo wa kaunta kwa kidole kimoja, akakutana na pale kioo kilipopasuka, akasimama hapo kidogo, akaendelea. Kisha akasema shida yake bila kuizungusha.

Macho yalimzimika akiwa mtoto wa miaka tisa, kwa surua. Mke wake alikutana naye hospitalini, yeye kwenye ubao wa simu, mwenzake kwenye chumba cha kufulia mashuka. Hakupata kumwona hata siku moja. Alimjua kwa mkono. Na mwaka uliopita, mke akafariki.

"Watu wana picha," akasema. "Wanaziweka ukutani, wanazipangusa vumbi. Mimi nataka uso wake, mama. Si wa kutazama. Wa kushika. Nimeambiwa ninyi mnakata chochote."

"Tunakata, mzee."

"Basi kuna jambo la pili." Akainua mkono wa kulia, vidole vimetanuka. "Hiki kidogo na hiki cha pete vimeshalala. Wa kushoto wote ulishanikimbia. Kisukari. Daktari anasema ganzi haitembei kwa ratiba, ila inatembea. Vimebaki hivi vitatu. Nikichelewa, mtanikatia uso mzuri sana, nami nitakuwa nashika mbao."

Feni ikatikisa kichwa. Mama Nukta alivitazama vile vidole vitatu, vikavu, safi, kucha zimekatwa vizuri na mtu mwingine, akajisikia kama aliyekabidhiwa kitu chepesi mno ambacho kikianguka hakiokoteki.

"Picha mnayo?" akauliza.

Binti akafungua bahasha. Ilikuwa moja tu ya upande, maana mama yake hakupenda kamera, na hii alipigwa bila kujua, akianika nguo, uso umegeukia kushoto, ukuta mweupe nyuma yake. Picha ilikuwa imekunjwa mara nne na kukaa kwenye pochi miaka mingi. Mikunjo miwili ilipita usoni, na mmoja wao ulikata juu ya pua, karatasi imepasuka na kuacha ufa mweupe.

"Niifanye ukubwa gani?"

"Wake mwenyewe. Kutoka kidevuni mpaka nywele zinapoanzia ni shubiri yangu moja, kasoro ncha ya kidole." Mzee akaitanua shubiri hewani, bila kusita, kama mtu anayeonyesha urefu wa mlango wa nyumbani kwake. "Pima hapa."

Mama Nukta akachukua rula akapima shubiri ya mzee hewani. Shemeji aliyekuwa mlangoni alitaka kutia utani, akajizuia.

Kazi aliianza siku ileile. Aliipitisha picha kwenye skana, akaikuza, akawatandaza siafu kutoka shingoni kwenda juu: kidevu, mdomo wa chini, mdomo wa juu. Walitembea vizuri. Walipofika kwenye mwanzi wa pua, penye ufa wa karatasi, wakatawanyika. Pale palikuwa na vidoti vya kijivu visivyokuwa vya uso wala vya ukuta, nusu ndani, nusu nje. Siafu wanaweza kuishi na jambo kama hilo. Kidoti kimoja wanaweza kukichukua robo, kingine nusu, na hawaoni taabu. Lakini uzi haujui nusu. Uzi unapita huku au unapita kule.

Akabonyeza kitufe. Nukta mia nne na kumi na mbili. Akakunja mikono ya gauni akaanza kuzifuta. Penye ufa, uzi ulikuwa umepanda na kushuka, kijivimbe kidogo. Alikitazama. Akauona mkunjo wa karatasi unapita hapohapo, akasema moyoni, huu ni mkunjo, akavuta sharubu moja, na mwanzi wa pua ukanyooka, ukateremka kama maji kwenye jani.

Zilibaki nukta kumi na tisa. Shemeji alikuja kuchungulia, akapiga mluzi.

"Uso mzima kwa kumi na tisa? Wewe mwanamke utakuja kutukatia mtu kwa nukta mbili."

"Mbili ni mstari, shemeji. Labda wewe ukilala."

Alicheka mwenyewe, akalifuta lile tabaka la siafu kama alivyozoea, maana hakupenda meza yenye mabaki, na kazi ikaenda kwenye mashine.

Mzee alirudi Alhamisi. Shemeji alikuwa ameupiga msasa ukingo mpaka ukawa kama ngozi. Walimwekea mapajani ubao mgumu, unene wa kidole, umekatwa upande mmoja kwa umbo la uso. Mzee akapangusa mkono kwenye suruali, akaanza kwenye nywele. Kidole cha shahada kikateremka kwenye paji la uso, kikapita kwenye mwanzi wa pua, kikafika ncha, kikaingia chini, kikapanda mdomoni. Kikarudi juu. Kikateremka tena, polepole zaidi. Mara ya tatu kiliishia njiani.

"Ni kazi nzuri," akasema. "Sijawahi kushika mbao laini hivi. Lakini huyu simjui."

"Baba!" binti akamkemea kwa sauti ya chini.

"Nimegombana na mtu? Nasema simjui. Kidevu chake ninacho. Mdomo ninao. Hapa," akagonga kwenye mwanzi wa pua kwa ukucha, "hapa kuna mwanamke mwingine. Msafi sana. Mke wangu alikuwa na jambo hapa."

"Jambo gani, mzee?" Mama Nukta akauliza.

"Ningelijua kwa maneno ningelisema. Mkono ndio unaolijua."

Mama Nukta akamgeukia binti. Binti akafikiri, akakunja uso, akaachilia. "Pua ya mama? Dada, ilikuwa pua tu. Nimeishi naye miaka arobaini, sikumbuki kitu."

"Ninyi mnaoona hamtazami," mzee akasema, bila ubaya.

Shemeji aliona sifa ya karakana inayumba, akaingia katikati. "Mzee, picha yenyewe imechakaa. Sisi tumefuata kilichokuwemo. Kwenye picha ndivyo..."

"Sivyo," Mama Nukta akasema.

Shemeji akamgeukia.

"Sivyo, shemeji. Kwenye picha kulikuwa na kitu. Nilikiona. Nikadhani ni mkunjo wa karatasi nikakinyoosha kwa mkono wangu." Akamgeukia mzee, ingawa mzee hakuhitaji kutazamwa. "Nimekosea mimi. Mashine haina kosa na picha haina kosa. Nipe siku moja."

Hapa ndipo msimuliaji anapotaka kusimama kidogo. Mafundi wengi tunawajua. Nguo ikibana, umenenepa. Kiti kikiyumba, sakafu yako. Yule mama alikuwa na picha iliyopasuka mahali palepale, ushahidi tosha mkononi, na shemeji wa kumtetea, na mteja asiyeweza kuiona ile picha hata angeletewa mbele ya pua yake. Angeweza kunyamaza, na dunia nzima ingemwelewa. Hakunyamaza.

Mzee akaurudisha ubao juu ya kaunta. "Asante," akasema. "Kwenye simu watu hawasemi hivyo."

Ijumaa asubuhi Mama Nukta aliingia kabla ya kinyozi kufungua. Alitafuta siafu wa awali, akakumbuka kwamba aliwafuta mwenyewe. Uzi wake wa nukta kumi na tisa ungeweza kugeuzwa kuwa siafu kwa kubonyeza mara moja tu, lakini siafu wale wangetembea juu ya makosa yake, wembamba, wenye uhakika, bila kidoti kimoja cha shaka. Kilichokwisha kunyooshwa hakirudi kwa kitufe. Ilibidi aanze na picha upya.

Akawatandaza tena. Walipofika penye ufa wakatawanyika kama mwanzo, na safari hii akawaacha. Alivuta kiti karibu, akavaa miwani, akakaa na vile vidoti vya kijivu kimoja kimoja. Halafu akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Alitoa nyuzi tatu badala ya moja. Wa kwanza aliuagiza uchukue vidoti vilivyo ndani kabisa tu, vyenye shaka viachwe nje. Wa pili uchukue vilivyofika nusu. Wa tatu uchukue chochote kilichogusa uso hata kwa ukucha. Nyuzi zote tatu zilifuatana kidevuni na mdomoni kama ndugu walioshikana mikono, na zilipofika kwenye mwanzi wa pua zikaachana. Nafasi kati yao ilikuwa nyembamba kuliko punje ya mchele. Humo ndimo alimokuwa yule mwanamke.

"Nikatie za kadibodi," akamwambia shemeji. "Tatu. Usipige msasa."

Mzee alikuja saa nne. Safari hii Mama Nukta alimpeleka upande wa ndani wa kaunta, kiti kando ya kiti. Akampa ya kwanza.

"Huyu ni yule wa jana," mzee akasema, akairudisha.

Akampa ya tatu. Kidole kikateremka, kikaruka. Mzee akacheka mpaka mabega yakatikisika. "Huyu amegombana na lori!"

Akampa ya pili. Kidole kikaenda, kikarudi. "Huyu... huyu ni ndugu yake. Wa tumbo moja kabisa. Lakini si yeye. Lete mkono wako."

"Wangu?"

"Wako, mama. Huyu binti yangu nimeshamkatia tamaa."

"Baba jamani, nipo hapa," binti akasema kutoka kwenye kiti cha wateja.

"Najua upo. Ndiyo maana nasema."

Mama Nukta akampa mkono. Mzee akakichukua kidole chake cha shahada, akakiweka kwenye ukingo wa kadibodi, akakiongoza. Vidole vyake vilikuwa baridi.

"Hapa unateremka. Unateremka tu, huna habari. Sasa kwenye hii, kitu kinakuja hapa, si ndiyo? Kinakuja kwa adabu, kinapiga hodi. Wa kwangu hakupiga hodi. Ulikuwa unakutana nacho kabla hujafika."

"Kabla?"

"Kabla. Halafu kikiisha, hakiishi. Kinakusindikiza kidogo."

Mama Nukta akafumba macho. Akakipitisha kidole peke yake mara mbili. Na kiwanda kizima kikamrudia kwenye ncha ya kidole: meza ndefu, joto la pasi, vitambaa vinavyokuja kukaguliwa. Fundi mchovu akifunga uzi chini ya pindo, fundo huwa halionekani. Ukilitazama, pindo limelala sawa. Lakini ukipitisha kidole, linakushika upande mmoja, ghafla, na upande wa pili linateremka na mkia wa uzi. Mama Nukta alikuwa amekataa maelfu ya magauni kwa sababu ya mafundo ya namna hiyo.

"Ni fundo chini ya pindo," akasema.

"Sijui pindo, mama. Ila ulivyolisema, nadhani ndilo."

Akafungua macho akaitazama picha, na sasa akaona kwa nini alikosea. Mkunjo haukupita katikati ya kile kinundu, ulipita mwanzoni mwake, ukameza pale kinapoanza. Kile kilichoonekana ni mkia tu.

"Nukta hazitoshi," akasema.

Mlangoni, shemeji aliyekuwa anakunywa chai akaishusha. "Umesemaje?"

"Umenisikia. Ongeza kadibodi."

Akarudi kwenye uzi wake wa nukta kumi na tisa, akapachika moja juu ya ufa, mahali ambapo picha haikuwa na chochote ila karatasi iliyopasuka. Akaifupisha sharubu ya juu mpaka ikawa kijiti, ili mstari ushtuke. Akaongeza ya pili kileleni. Ya tatu akaiweka chini, na sharubu yake akaivuta ndefu, ndefu, ili kinachoisha kisiishe. Mashine ikakata. Mzee akashika.

"Juu kidogo."

Ikakatwa tena.

"Umepitiliza. Rudi unywele mmoja."

"Unywele wa nani, mzee, wako au wangu?" shemeji akauliza kutoka kwenye mashine.

"Wako. Wangu umeshaanguka."

Vipande vya kadibodi vikarundikana miguuni mwao, nyuso sita za mwanamke mmoja aliyekuwa bado hajafika. Kinyozi wa jirani alipita kuomba chenji akaduwaa mlangoni, akaondoka bila kuomba. Baada ya kila kipande mzee alivipumzisha vidole mapajani, akavipuliza, akavikunja na kuvikunjua, na Mama Nukta alielewa kwamba navyo vina mwisho wake wa siku, kwamba kuanzia saa fulani vitakuwa vinabahatisha. Hakumharakisha. Wala yeye mwenyewe hakusogeza nukta yoyote mara mbili pasipo sababu.

Kipande cha saba mzee alikishika akateremka nacho. Alipofika kwenye mwanzi wa pua kidole kikasimama. Hakikurudi juu. Kilibaki pale, kimeinama kidogo. Kisha kikateremka mpaka ncha ya pua, mpaka mdomo, na hapo mdomoni mzee akaondoa mkono haraka, kama aliyegusa jambo la faragha mbele za watu.

"Ulipigwa na mlango wa mashine ya mashuka," akasema, na hakuwa anamwambia yeyote kati yao. "Kabla hatujajuana. Ulisema hakionekani."

Binti akainuka kwenye kiti chake, akaja mpaka kaunta, akasimama.

Walikata ubao mchana uleule. Shemeji alipochukua msasa, Mama Nukta alimfuata mpaka chumba cha nyuma, jambo asilolifanya kwa kawaida, akasimama kando yake. "Paji la uso, sawa. Kidevu, sawa. Puani msasa usipite."

"Utamkwaruza mzee."

"Mwache amkwaruze. Ni mke wake."

Ubao ulipokuwa tayari, binti alikuwa na wazo, na alilitoa kwa unyenyekevu, akimvuta Mama Nukta kando ya feni, ingawa kwa masikio ya mzee yule hakuna kando. "Dada, vidole vyake vitaendelea kufa ganzi. Si mngekikuza hicho kinundu kidogo? Kidogo tu. Ili mwakani bado akisikie."

Mama Nukta akafikiri. Lilikuwa jambo rahisi. Nukta moja, kuvuta kidogo, na uzi haupasuki. Lilikuwa pia jambo la upendo. Alikuwa anatafuta jibu wakati mzee alipolitoa yeye.

"Msimkuze," akasema kutoka kwenye kiti. "Mkimkuza, mtakuwa mmenitengenezea kitu cha kushika. Mimi ninaye mtu. Siku nitakayopita hapa nisimkute, nitajua ni kidole kilichokosa, si yeye aliyebadilika. Hilo nitaliweza. Lile jingine nisingeliweza."

Binti akafunika mdomo kwa kiganja. Mama Nukta alikwenda akauweka ubao mapajani mwa mzee, akasema, "Hatumkuzi, mzee. Yuko alivyo."

"Kwa nukta ngapi?"

"Ishirini na mbili."

"Nasikia wewe ni bahili."

"Nani kasema?"

"Huyu mwenye beringi."

Nje mvua ilikuwa imeanza, ya ghafla, nene, na teksi waliyoiita ikachelewa. Hawakuwa na haraka. Mzee aliketi karibu na mlango, ubao umesimama mapajani, uso wa mbao umegeukia barabarani. Hakuupapasa tena kama mtu anayekagua. Aliweka mkono tu, mkono mzima, pamoja na vile vidole viwili vilivyolala, navyo vikaegemea shavu bila kujua viko wapi. Dole gumba peke yake ndilo lililokuwa likifanya kazi. Lilipanda kwenye mwanzi wa pua, likashtuka kidogo, likashuka taratibu. Teksi ilipofika na kupiga honi, binti alimwita mara mbili kabla hajasikia.